Marcel Lihau: jaji mkuu wa kwanza wa Congo aliyepoteza kiti kwa ajili ya wanafunzi

Mwaka wa 1975, mtu aliyekuwa na cheo cha juu kuliko majaji wote wa Zaire alifukuzwa kazini kwa uamuzi wa mtu mmoja, Rais Mobutu. Hakuwa ameiba pesa za serikali. Hakuwa amepanga mapinduzi. Alikuwa amekataa kutekeleza adhabu kali dhidi ya wanafunzi walioandamana. Baada ya kuondolewa kwenye kiti, alifungiwa nyumbani kwake, chini ya ulinzi.

Mtu huyo ni Marcel Antoine Lihau, Rais wa Kwanza wa Mahakama Kuu ya nchi yetu tangu ilipoanzishwa mwaka wa 1968. Vijana wanaosoma sheria leo Bukavu, Goma, Bunia, Kindu au Kisangani pengine hukutana na jina lake katika silabusi ya sheria ya katiba, kisha wanageuza ukurasa. Lakini maisha yake yanawahusu wao kuliko mtu mwingine yeyote. Ili kuelewa kwa nini jaji mkuu alikubali kupoteza kila kitu kwa sababu ya wanafunzi, ni lazima turudi kwenye benchi alilokalia yeye mwenyewe, na kwenye mlima ambapo alifundisha.

Kijana wa Bumba na mlango uliofungwa

Lihau alizaliwa tarehe 29 Septemba 1931 huko Bumba, kando ya mto Congo, katika jimbo la Equateur. Alisoma seminari ndogo ya Bolongo, kisha akapelekwa Kisantu, katika Bas-Congo, ambako mapadri Wajezuiti walikuwa na kituo cha masomo ya juu. Huko alisomea mambo ya utawala.

Wakati ule, kijana Mkongomani mwenye akili angeweza kuwa padri, mwalimu, karani au msaidizi wa daktari. Kuwa mwanasheria ilikuwa jambo lingine. Wabelgiji waliogopa. Mwanasheria anajua kusoma mkataba, anajua kuuliza ni kwa haki gani shamba la mtu limechukuliwa, anajua kwamba hata serikali inaweza kupelekwa mahakamani. Kwa hiyo masomo ya sheria yalibaki yamefungwa kwa Wakongomani karibu muda wote wa ukoloni. Hata chuo kikuu cha Lovanium kilipofungua milango mwaka wa 1954, karibu na Léopoldville, hakikuanza na sheria. Kitivo hicho kilikuja mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati uhuru ulikuwa tayari unabisha hodi.

Lihau hakungoja. Walimu wake Wajezuiti waliona uwezo wake na wakamsaidia kupata nafasi Ubelgiji kwenyewe, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven. Hivyo akawa mmoja wa Wakongomani wa kwanza kabisa kusoma sheria.

Maisha ya mwanafunzi kule Leuven

Leuven ni mji mdogo, na chuo chake kilianza mwaka wa 1425. Pale mji na chuo ni kitu kimoja: mwanafunzi akitoka darasani anaingia barabarani, na barabarani anakutana na wanafunzi wengine, mapadri na maprofesa. Kwa kijana aliyetoka Bumba, baridi ilikuwa somo la kwanza.

Masomo ya sheria kwa mtindo wa Kibelgiji yalikuwa ya miaka mitano. Miaka miwili ya kwanza mwanafunzi hakugusa sana sheria yenyewe: alisoma falsafa, historia, fasihi na Kilatini. Kisha ikaja miaka mitatu ya udaktari wa sheria, na hapo ndipo sheria ya Roma, sheria ya watu na mali, sheria ya makosa na sheria ya katiba vilipomwangukia mwanafunzi kichwani.

Mtihani mara nyingi ulikuwa wa mdomo. Unaingia peke yako, profesa ameketi mbele yako, anauliza, nawe unajibu. Huwezi kujificha nyuma ya karatasi. Ukishindwa unarudi katika kipindi cha pili, likizo ikiwa imeisha, na ukishindwa tena unarudia mwaka mzima. Matokeo yanasomwa kwa sauti mbele ya watu wote, jina kwa jina.

Desturi hiyo tuliirithi. Mwanafunzi yeyote wa Congo anaijua siku ya kutangazwa matokeo: familia zimekusanyika nje ya oditwari, mama ameshika kopo la poda, na anayefaulu anapakwa poda kichwani mpaka nguo zote zinageuka nyeupe. Poda ni yetu, lakini woga wa kusubiri jina lako ulitoka katika vyuo vya namna ya Leuven.

Lihau alijifunza pale jambo moja ambalo halikuandikwa katika kitabu: kwamba mbele ya sheria mtu anajibu kwa hoja. Profesa Mbelgiji hakuweza kumwangusha kwa sababu ya rangi ikiwa jibu lilikuwa sahihi. Nyumbani Congo, kabla ya uhuru, Mbelgiji huyohuyo hakuhitaji hoja.

Meza ya Brussels

Januari 1960 viongozi wa vyama vya Congo walifika Brussels kwa mkutano wa Meza ya Duara. Walikuja wamegawanyika: hawa wanataka nchi moja yenye nguvu katikati, wale wanataka majimbo, wengine wanafikiria kabila lao kwanza. Wabelgiji walitegemea mgawanyiko huo.

Wanafunzi Wakongomani waliokuwa Ubelgiji waliona hatari. Lihau alikuwa kati yao. Waliwashauri wanasiasa waunde umoja mbele ya Wabelgiji, wazungumze kwa sauti moja, na tofauti zao wazimalize baadaye wakiwa nyumbani. Umoja huo ulifanyika. Wabelgiji walikubali tarehe: 30 Juni 1960. Wanafunzi wachache, waliozoea kubishana usiku katika vyumba vya Leuven na Brussels, walikuwa wameusaidia mkutano uliobadili historia ya nchi.

Lakini uhuru ulikuta nchi bila wanasheria. Majaji wa mahakama za kikoloni walikuwa Wazungu. Machafuko ya Julai 1960 yalipoanza, wengi wao waliondoka, na viti vikabaki vitupu.

Septemba 1960 Kanali Mobutu aliwasimamisha Rais Kasa-Vubu na Waziri Mkuu Lumumba, akaweka serikali ya vijana wasomi, baadhi wakiwa bado wanafunzi. Walijulikana kama Makamishna Wakuu. Lihau alipewa sheria, na msaidizi wake alikuwa kijana mwingine wa sheria, Étienne Tshisekedi, ambaye mwaka wa 1961 alipata udaktari wa sheria Lovanium.

Ukurasa huu wa maisha ya Lihau hatuwezi kuuruka. Ni wakati wa makamishna hao ambapo Lumumba alikamatwa, na ni wakati wao alipopelekwa Katanga na kuuawa tarehe 17 Januari 1961. Vijana waliojifunza kwamba hakuna mtu anayehukumiwa bila kusikilizwa walikuwa ndani ya serikali wakati waziri mkuu aliyechaguliwa aliuawa bila hukumu yoyote. Kila mmoja wao alibeba kivuli hicho kwa namna yake. Anayemsoma Lihau wa mwaka wa 1975 asisahau Lihau wa mwaka wa 1960.

Mlimani Lovanium

Mwaka wa 1963, akiwa na miaka kama 32, Lihau aliwekwa kuwa mkuu wa kitivo cha sheria cha Lovanium. Mlango aliofungiwa akiwa kijana, sasa yeye ndiye aliyeshika ufunguo wake.

Lovanium ilijengwa juu ya Mont Amba, mbali na kelele za mji. Ilikuwa kama mji wake yenyewe: kanisa, maktaba, hospitali, viwanja vya michezo, hata mtambo wa nyuklia wa utafiti, wa kwanza katika Afrika. Wanafunzi walilala palepale, katika majengo ambayo mpaka leo wanafunzi wa Kinshasa wanayaita home. Walikula pamoja, walisoma pamoja, waligombana pamoja. Kijana wa Kivu alishiriki jengo moja na kijana wa Kasai, wa Equateur, wa Katanga na wa Bas-Congo. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kuishi na watu wasioongea lugha ya kwao.

Maisha hayo yalikuwa na sura mbili. Upande mmoja, mwanafunzi wa Lovanium alikuwa mtu wa heshima. Chini ya mlima watu walimtazama kama waziri wa kesho, na mara nyingi hawakukosea. Upande mwingine, chuo kilikuwa bado mikononi mwa Wabelgiji. Mkuu wa chuo alikuwa Monsinyori Luc Gillon, na maprofesa wengi walitoka Ubelgiji pamoja na vitabu vyao. Diploma ilitakiwa kuwa na uzito uleule wa Leuven, jambo lililowapa wanafunzi fahari, lakini liliwafanya pia wajiulize. Katika kitivo cha sheria swali hilo lilikuwa kali zaidi. Kijana alijua sheria ya Roma kuhusu urithi, na huko kijijini baba zake wadogo walikuwa wanagawa mali ya marehemu kwa desturi ambayo haikuwa katika kitabu chochote. Ipi ndiyo sheria ya Congo?

Machi 1964 wanafunzi wa Lovanium waligoma. Walidai wasikilizwe katika uongozi wa chuo, na Waafrika wapewe nafasi zaidi. Mkuu wa kitivo cha sheria, ambaye miaka minne tu nyuma alikuwa mwenyewe mwanafunzi mwenye madai, alikuwa sasa upande wa pili wa meza.

Kwenye mlima huo pia ndipo Sophie Kanza aliposoma, mwanamke wa kwanza Mkongomani kumaliza Lovanium, mwaka wa 1964. Miaka miwili baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika nchi yetu. Yeye na Lihau walifunga ndoa.

Katiba mbili

Miezi ileile ya mgomo, Lihau alikuwa na kazi nyingine kubwa. Kasa-Vubu alikuwa ameunda tume ya kuandika katiba ya kudumu, na Lihau alikuwa mmoja wa watu walioiongoza. Tume ilikutana Luluabourg, Kananga ya leo, kuanzia Januari 1964. Katiba yake ilipigiwa kura na raia na kuanza kutumika tarehe 1 Agosti 1964. Iliyapa majimbo 21 nguvu za kweli, na iliweka mahakama juu ya utashi wa wanasiasa. Wakati huo mashariki ilikuwa inaungua kwa uasi wa Simba: katiba ilianza kutumika siku chache tu kabla Stanleyville haijaanguka. Karatasi nzuri ilizaliwa katika nchi iliyokuwa vitani, jambo ambalo msomaji wa Kivu analielewa bila kuelezwa.

Novemba 1965 Mobutu alichukua madaraka yote. Alimtaka Lihau atayarishe katiba nyingine, na hiyo ikapitishwa mwaka wa 1967. Ilimpa rais nguvu nyingi, lakini bado iliruhusu chama cha pili, na ilipanga kuwa na Mahakama Kuu. Mwaka wa 1968 Lihau akawa Rais wake wa Kwanza. Wengine wangesema alilipwa kwa kazi yake. Lakini tangu mwanzo alisisitiza jambo moja: jaji asipokee amri kutoka kwa serikali.

Damu ya Juni

Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Kinshasa waliandamana. Pesa za masomo hazikutosha tena, maisha katika majengo yao yalikuwa magumu, na ahadi za serikali hazikutimizwa. Wanafunzi walishuka mlimani kuelekea mjini. Wanajeshi waliwafyatulia risasi. Serikali ilikubali vifo vya watu sita. Wanafunzi walihesabu wengi zaidi. Viongozi wao walipelekwa mahakamani, wengine wakahukumiwa kifungo cha hadi miaka 20, kabla ya rais kuwasamehe miezi michache baadaye. Kila mtu alielewa somo: rais ndiye anayefunga, rais ndiye anayefungua.

Juni 1971 wanafunzi wa Lovanium walitaka kuwakumbuka wenzao waliokufa. Chuo kilifungwa, na wanafunzi wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Kalamu zilichukuliwa, vichwa vikanyolewa. Agosti mwaka huo vyuo vikuu vitatu, cha Kinshasa, cha Lubumbashi na cha Kisangani, viliunganishwa kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA, chini ya jicho la chama cha MPR. Jina Lovanium likafutwa.

Lihau naye alibadili jina, kama raia wote walivyolazimishwa mwaka wa 1972. Akawa Ebua Libana la Molengo Lihau. Mwaka wa 1974 katiba aliyoiandika mwenyewe ilibadilishwa: MPR ikawa ndiyo taasisi pekee ya nchi, na mahakama zikageuzwa kuwa chombo kimoja cha chama. Jaji mkuu akawa, kwa maandishi, mtumishi wa chama.

Siku ya kukataa

Ndipo ukaja mwaka wa 1975. Wanafunzi waliandamana tena, na adhabu kali ikatolewa. Wakuu walingoja jaji mkuu aitekeleze. Alikataa.

Tukumbuke alikuwa nani siku ile. Alikuwa na mke na watoto, nyumba ya serikali na heshima. Alikuwa ametumikia utawala huo miaka kumi. Angeweza kutia sahihi na kurudi nyumbani kula chakula cha jioni. Lakini alikuwa pia mwanafunzi wa zamani aliyeingia chuoni wakati sheria ya wakoloni haikumtaka, na mkuu wa kitivo aliyewafundisha vijana kwamba adhabu bila haki ni jeuri tu, hata ikiwa na muhuri. Kama angekubali, angekuwa amefuta masomo yake yote kwa mkono wake mwenyewe.

Mobutu hakungoja. Lihau aliondolewa papo hapo na kufungiwa nyumbani.

Hakunyamaza baada ya hapo. Februari 1982 chama cha UDPS kilipozaliwa kwa siri, wakati sheria haikuruhusu chama kingine chochote, Lihau alikuwa mmoja wa waanzilishi, pamoja na Tshisekedi, msaidizi wake wa mwaka wa 1960. Mobutu alimnyima haki zake za kiraia na kumfukuzia kijijini. Afya yake ilidhoofika. Mwaka wa 1985 alikimbilia Marekani, ambako alifundisha sheria ya katiba katika chuo kikuu cha Harvard. Mtu aliyefukuzwa nchini mwake kwa kuiheshimu sheria, aliombwa na wageni awafundishe sheria.

Alirudi mwaka wa 1990, Mobutu alipotangaza kwamba vyama vingi vimeruhusiwa. Wiki chache baada ya tangazo hilo, usiku wa Mei 11 kuamkia 12, watu wenye silaha waliwashambulia wanafunzi katika vyumba vyao vya kulala kwenye chuo cha Lubumbashi. Idadi ya waliokufa bado inabishaniwa hadi leo. Miaka 15 baada ya Lihau kukataa, chumba cha mwanafunzi kilikuwa bado mahali pa kuogopa.

Ugonjwa ulimrudisha Marekani kwa matibabu. Sophie Kanza alifariki tarehe 2 Aprili 1999. Wiki moja baadaye, tarehe 9 Aprili, Lihau naye akafariki, akiwa na miaka 67. Nchi ilikuwa katika vita, imekatwa vipande, na watu wachache walipata nafasi ya kuwalilia.

Alichotuachia

Katiba ya mwaka wa 2006, ambayo tunaishi nayo leo, inasema kwamba jaji anatii sheria peke yake. Mahakama Kuu aliyoiongoza Lihau imegawanywa kuwa mahakama tatu. Majimbo 26 ya leo yanafanana na ndoto ya Luluabourg kuliko na nchi ya Mobutu. Kwenye karatasi, Lihau ameshinda.

Lakini yeye aliijua karatasi vizuri. Aliandika katiba mbili na akaziona zote mbili zikikanyagwa. Kilichobaki baada ya karatasi ni mtu mmoja na sahihi yake. Kila mwaka, katika oditwari zilizojaa mpaka wengine wanasikilizia dirishani, maelfu ya vijana wetu wanasomea kazi ambayo wazee wao walikatazwa. Baadhi yao watakuwa mawakili, wengine majaji. Siku moja, mbele ya mmoja wao, karatasi itawekwa mezani na mtu mwenye nguvu atangoja sahihi. Hakuna profesa atakayekuwepo kuuliza swali, na hakuna poda itakayomwagwa kwa jibu zuri. Huo ndio mtihani ambao Marcel Lihau aliufanya mwaka wa 1975, na alilipa miaka yake yote iliyobaki ili asiufeli.